Asubuhi ya Mtungi wa Kanada

Mtu akikwambia haogopi mzigo wa tani mia tatu, usifanye naye kazi. Ama hajawahi kuusogelea, ama ameuzoea mpaka hauoni tena, na huyo wa pili ndiye atakayekuua. Nawaambia nyinyi mnaojifunza mashine siku hizi, mnaopita hapa kwangu Voi mkitaka kujua Dubai tulikuwa tukibeba nini. Huwa mnataka kusikia ukubwa. Ukubwa nitawaambia. Ila mjue kwamba kwa miaka yote niliyofanya kazi ile, sikuwahi kuuanza mzigo asubuhi bila kuuogopa.

Nilifika kule mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, dereva wa trela za Mombasa hadi Malaba, kichwa kimenivimba. Nilikuwa nimeshuka mteremko wa Salgaa kwenye mvua mara nyingi bila kugusa mtu, basi nikajiona nimehitimu. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na yadi upande wa Jebel Ali, na kazi yake ilikuwa kuhamisha vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu angeviacha pale pale vilipo: matangi, kreni nzima nzima, mitambo ya kusafishia mafuta.

Siku ya kwanza sikupewa usukani. Nilipewa fulana ya rangi ya chungwa, redio ya mkononi, na kona moja ya trela ya kuitazama. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Seif, mtu wa Unguja aliyeletwa Dubai na wazazi wake akiwa kijana mdogo. Kiarabu alikiongea kama wenyeji, lakini akikasirika kilitoka Kiunguja kitupu. Mimi, kwa kujionyesha mjuzi, nikauweka mkono wangu juu ya mzigo kama mtu anayenunua fahali mnadani.

"Toa mkono!" akanifokea. "Huyo si ng'ombe wa kupapaswa, we bwana. Mzigo ukiteleza unene wa kidole, hivyo vidole vyako ndivyo vitakavyokuwa grisi."

Nikautoa. Sikuurudisha tena miaka kumi.

Kuhusu sabkha pia alinifunza yeye, ingawa kwanza nilijifundisha mwenyewe. Sabkha ni uwanda wa chumvi ulio karibu na pwani ya kule. Juu umekauka kama chapati iliyoungua, chini ni uji. Siku moja nilitumwa na pikapu kupeleka minyororo, nikaona barabara inazunguka bure, nikakata katikati ya uwanda. Gari lilizama mpaka milangoni. Mzee Seif alikuja, akateremka, akafungua chupa yake ya chai, akanipa sepetu. Nilichimba kwa saa tatu. Yeye alikuwa akinywa chai na kuniuliza kama nimepata maji. Baadaye akanionyesha kupima: unachukua nondo ya urefu wa mtu, unaichomeka chini kila hatua tano, unasikiliza mkono wako. Ikikataa kuingia, weka alama ya chokaa. Ikiingia kama kisu kwenye papai, rudi nyuma, na urudi kwa nyayo zako zile zile.

Kisha ikaja mashine ambayo sisi Waswahili wa pale tuliiita Tandu. Zamani tulikuwa tukivuta mizigo kwa vichwa vya lori, kimoja mbele, kimoja nyuma cha kushika breki. Tandu hakuwa na kichwa. Alikuwa jukwaa refu la chuma lenye matairi karibu mia, na juu ya kila jozi ya matairi palikuwa na jeki ya mafuta ya kuinua na kushusha. Mwendeshaji alitembea kwa miguu pembeni, kisanduku kimemning'inia kifuani kwa mkanda, anakiendesha kwa vidole. Mwendo wenyewe ulikuwa wa mtu anayesindikiza jeneza.

Fundi Mzungu aliyekuja na Tandu alitufundisha siku tatu. Alipomaliza akauliza nani ana swali. Mzee Seif akainua mkono.

"Akikataa?"

Yule fundi akacheka. Akasema hawezi kukataa, ana kompyuta. Tangu siku hiyo Mzee Seif hakumwamini Tandu hata kidogo. Kila alfajiri kabla ya safari alimzunguka kwa tochi, jeki moja baada ya nyingine, akipitisha kidole chini ya kila paipu ya mpira kutafuta unyevu. Kompyuta ilisema kila kitu kiko sawa, na yeye alisema sawa, na aliendelea kupapasa. "Mafuta hayapasui paipu hivi hivi," alikuwa akituambia. "Kwanza hutoa jasho. Ukiona jasho, simamisha kazi, hata sheikh mwenyewe awe anasubiri."

Sasa niwaambie habari ya mtungi.

Huko Kanada kuna mahali wanachimba mchanga uliochanganyika na mafuta, mweusi kama lami. Wanauchimba kwa mashine kubwa kuliko nyumba hizi zetu, kisha wanauosha na kuupika mpaka mafuta yatoke. Yadi moja jirani yetu ilikuwa imewajengea mtungi wa kupikia. Sijui jina lake la kitaalamu. Sisi tuliuita mtungi. Ulikuwa umelala ubavu, mrefu kama uwanja wa shule, tani mia tatu na themanini, chuma chake kinene kama shina la mnazi. Kazi yetu ilikuwa kuutoa pale hadi bandarini, ambako meli ilikuwa inausubiri.

Safari ilipangwa Ijumaa asubuhi, barabara zikiwa tupu, na polisi walitaka tuwe tumepita kabla ya watu kuanza kwenda msikitini. Mahali pamoja njiani palikuwa na daraja la juu ambalo mtungi usingepita chini yake. Kwa hiyo kampuni ilitengeneza njia ya kuchepuka: ikamwaga kokoto juu ya sabkha, ikatandika mabamba ya chuma, mita mia tatu hivi, kisha unarudi kwenye lami.

Siku nne kabla, moyo wa Mzee Seif ukamsumbua akalazwa kliniki moja Oud Metha. Meneja wetu, Mwingereza mmoja tuliyemwita Sir Martin, akaniita ofisini. "Kisanduku ni chako Ijumaa," akasema. Nilikuwa nimekishika mara kadhaa, Mzee Seif akiwa amesimama begani pangu, kwa mizigo midogo. Kwa mtungi, sikuwahi. Nilijibu, "Yes sir." Nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi nikarudia vitufe vyote kichwani, kimoja kimoja.

Ijumaa ile nilimzunguka Tandu kama nilivyofunzwa. Kwenye jeki ya tisa, upande wa kushoto nyuma, kidole changu kilirudi na mafuta.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndicho kisa chenyewe. Nilijua ni nini. Hakuna mtu duniani aliyejua vizuri kuliko mimi asubuhi ile. Lakini niliangalia, nikaona polisi na pikipiki zao, wahandisi wa Kikanada na kofia zao nyeupe, Sir Martin akitazama saa. Nikawaza: nikisema, watasimamisha safari, na watasema Mwakio alipewa kisanduku siku moja akaogopa. Nikatoa tambara mfukoni. Nikapangusa. Nikasubiri kidogo, nikapitisha kidole tena, kikatoka kikavu. Nikajiambia labda ilikuwa grisi ya jana. Karatasi ya ukaguzi nikaitia sahihi.

Niliogopa macho ya watu kuliko nilivyouogopa mzigo. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika maisha yangu ya kazi, na lilichukua muda wa kupangusa kitambaa.

Tukaondoka. Kwenye kona nne walikuwa watu wanne na redio zao. Kona ya kushoto nyuma alikuwa Bashir, Mpathani wa Pakistani, kutoka milima ya Peshawar, rafiki yangu wa chumba kimoja mtaa wa Al Baraha. Tulilala vitanda viwili vya juu na chini miaka miwili. Yeye hakujua Kiswahili isipokuwa "bwana", "ugali" na "kabisa", nami sikujua Kipashto, kwa hivyo tuliongea Kiarabu cha kazini, kile cha kuvunjavunja ambacho Mwarabu akikisikia anashika kichwa.

Kwenye lami Tandu alikwenda vizuri. Tulipoingia kwenye mabamba nikaanza kusikia chuma kikilia chini ya matairi. Jua lilikuwa limeshatoka, ni mwezi wa sita, na jasho lilikuwa likiniingia machoni. Ubavuni mwa jukwaa, mbele ya macho yangu, palikuwa na pima-maji ndogo yenye povu la hewa la kuonyesha mzigo unavyoinama, na Mzee Seif alikuwa ameichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe. Povu likivuka mstari ule, alisema, weka kisanduku chini na ukimbie, kwa sababu mtungi hautasubiri maoni yako.

Tulikuwa katikati kabisa ya sabkha paipu ilipopasuka.

Haikulia kama bomu. Ililia kama mtu anayepiga chafya, kisha ikawa mluzi mrefu. Wingu jeupe la mafuta ya moto likajaa upande wa kushoto nyuma. Nikasimamisha Tandu. Nikaangalia geji ya kisandukuni: fungu la jeki za kushoto nyuma lilikuwa linashuka, linashuka, na mtungi juu yangu ukaanza kuinama. Kitu kikubwa namna ile kikiinama unakiona kwa tumbo kabla ya macho kukiona. Minyororo ikakazana ikatoa sauti kama gitaa. Watu wakakimbia. Wahandisi wakakimbia, polisi wakakimbia, na mimi nikabaki na kisanduku kifuani.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, mtu aingie chini, kati ya matairi, afunge koki ya ile jeki iliyopasukiwa paipu ili jeki nyingine za fungu lile zibaki na mafuta yao. Ya pili, mwenye kisanduku ashushe kona tatu zilizobaki haraka, jukwaa lote lilale chini sawasawa. Ukifanya ya pili, chochote kilicho chini ya jukwaa kinabanwa.

Nikatazama kwenye lile wingu, nikaona buti za Bashir zikipotelea chini ya Tandu.

"Bashir!" nikapiga kelele. "Bashir, toka! Itlaa!"

Redio ikalia. Alikuwa Sir Martin, alikuwa upande wa pili, mbali. "Mwakio, shusha! Shusha sasa! Unaupoteza!"

Povu lilikuwa linasogea kwenye mstari mwekundu.

"Mwakio, shusha! Hiyo ni amri!"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nataka niwaambie nilikuwa jasiri, lakini nawaambia kweli: niliganda. Nilikuwa nikitetemeka hadi kisanduku kikagonga vifungo vya shati, ta-ta-ta-ta, na suruali yangu ilikuwa imelowa, na si jasho. Nilichoweza kufanya ni kutobonyeza. Nikamwomba Mungu kwa Kitaita, lugha ya mama, maneno ya utotoni ya kulalia. Povu likagusa mstari. Likakaa juu yake.

Mluzi ukakatika.

"Khalas!" Sauti ya Bashir ilitoka chini kule kama imetoka kisimani, ikisema imekwisha. "Khalas, Mwakio! Khalas!"

Geji ikasimama. Sikushusha bado. Nilisubiri mpaka nikaona buti, magoti, mgongo, mtu mzima akitambaa nje, mwili wote unameremeta mafuta, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Akasimama, akapiga hatua kumi, akaanguka juu ya kokoto. Hapo ndipo nikashusha, polepole, kidole kwa kidole, povu likarudi katikati, na tani mia tatu na themanini zikalala juu ya mabamba zikilalamika.

Mtungi haukuanguka. Tulileta mabamba mengine, tukabadilisha paipu, na siku mbili baadaye mwendeshaji mwingine aliletwa akaufikisha bandarini. Ulikwenda Kanada kupika mchanga.

Lakini Ijumaa ile Sir Martin alinipa mkono mbele ya wote. "Umetulia kama barafu," akasema, akanifungulia soda yake mwenyewe. Wahandisi wakapiga makofi. Niliinywa ile soda.

Jioni nikaenda kliniki, Oud Metha. Mzee Seif alikuwa ameegemea mito miwili, mkewe anamenya chungwa. Alikuwa ameshapata habari zote. Pale Dubai habari hupita kwa simu mbio kuliko gari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Paipu haikutoa jasho asubuhi?"

Nikatazama sakafu.

"Mwakio."

"Ilitoa, mzee. Nilipangusa."

Mkewe akaacha kumenya. Mzee Seif akageuza uso kuelekea ukutani, nikadhani labda nimemuua. Aliponigeukia macho yalikuwa mekundu.

"Lau ningekuwa na nguvu ningekuchapa," akasema. "Mtu mzima wewe, ningekuchapa hapa hapa. Nenda ukamwambie mwenyewe. Si miye wa kukusamehe. Miye sikuwa chini ya gari."

Bashir alikuwa kitandani kwetu Al Baraha, jicho limefungwa bandeji. Alisema daktari amempa dawa ya matone, wiki mbili tu. Nikakaa sakafuni karibu na kichwa chake. Nikamwambia kila kitu: jeki ya tisa, mafuta, tambara, sahihi. Kiarabu chetu kile hakina maneno mengi ya kujificha nyuma yake. Ilinibidi niseme, "Mimi niliona. Mimi nilinyamaza. Wewe uliingia."

Akajiinua kwa kiwiko. Kisha akasema, "Nilikuona."

"Uliona nini?"

"Tambara. Nilikuwa nafunga viatu, nyuma ya gurudumu. Nilikuona ukipangusa, ukatazama huku na huku." Akainua vidole tisa. "Ningejuaje koki ya kufunga, rafiq? Moshi kila mahali, sioni mkono wangu. Nilihesabu kwa kupapasa mpaka ya tisa."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Akavuta pumzi. "Nilisema moyoni: ni siku yake kubwa. Nikisema, watamnyang'anya kisanduku, na mimi wataniita mchongezi, labda wanirudishe nyumbani. Nina watoto watano. Nikasema, labda ni grisi."

Kisha akaniomba nimtilie yale matone.

Kesho yake tukaenda kwa Sir Martin, wote wawili. Nilisema mimi, Bashir akaitikia kwa kichwa. Nilitegemea kelele, au tiketi ya ndege. Sir Martin alivua miwani, akayasugua macho yake kwa vidole.

"Nilikuambia ushushe," akasema. "Mara tatu. Sikujua yuko chini. Ungenitii..." Hakumaliza. Akairudisha miwani usoni.

Alininyang'anya kisanduku miezi minane, na alifanya haki. Nilirudi kutazama kona. Na tangu hapo, kwenye kampuni ile, ukaguzi wa asubuhi ulifanywa na watu wawili wanaozunguka kwa pande tofauti, na hakuna atiaye sahihi mpaka wakutane na kuonyeshana vidole vyao. Mkichukua kitu kimoja tu kwangu, chukueni hicho. Kompyuta ziko nyingi siku hizi, na ni nzuri, lakini onyeshaneni vidole.

Kisanduku nilirudishiwa, nikakibeba mpaka nilipostaafu. Mzee Seif alipona, akamzunguka Tandu na tochi yake miaka mingine kadhaa kabla ya kustaafu. Bashir alirudi kwao mapema kuliko sisi sote. Alisema amechoka na joto.

Kila sikukuu ya Idi nampigia simu, na Krismasi ananipigia yeye. Tunaongea kile Kiarabu chetu kibovu, na kinazidi kuoza kila mwaka. Ananiuliza watoto, nami namuuliza jicho. "Zein," husema, yaani zuri. "Zein kabisa."

Idi iliyopita simu ilipokelewa na mwanawe mkubwa, ambaye anasomesha shule na anajua Kiingereza. Wakati tukimsubiri mzee atoke kuswali, nikamuuliza, kwa mazoea tu, jicho la baba linaendeleaje.

"Jicho gani?" akauliza. "La kushoto? Hilo halioni, mjomba. Halijaona tangu alipokuwa Dubai."

Nilikaa na simu sikioni. Nikasikia kandambili zikija, nikasikia Bashir akikohoa na kumwondoa mwanawe kwenye kiti.

"Mwakio! Bwana! Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema. "Bashir, jicho vipi?"

"Zein," akasema. "Zein kabisa."